Mapezi ya zamani ya kuzamia: Churchill, Rondine au Jet Fin?

Msumi: Wakuu, natafuta jozi moja ya mapezi ya zamani, yale ya kuvaa miguuni, ambayo nitayahifadhi kama kumbukumbu na kuyavaa majini mara mojamoja. Mnanishauri nichukue yapi kati ya haya matatu?

Bin Kusi: Kwa historia, Churchill hayana mpinzani. Louis de Corlieu, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alipata hataza ya mapezi yake mwaka 1933; Owen Churchill, Mmarekani aliyetwaa dhahabu ya mashua za matanga katika Olimpiki ya 1932, akachukua leseni kwake na kuanza kuyatengeneza mwaka 1940, na Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, wazamiaji wa kijeshi wa Marekani na Uingereza wakayavaa. Tahadhari ni kwamba jina hilo lingali sokoni kwa wapanda mawimbi, hivyo unaweza kuuziwa ya juzi kwa bei ya kale.

Mama Matumbawe: Mimi nayapendelea Rondine. Aliyeyabuni kwa ajili ya kampuni ya Cressi ya Genova, Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ni Luigi Ferraro, mzamiaji wa kijeshi wa Italia aliyetega mabomu chini ya meli katika bandari za Uturuki mwaka 1943. Badala ya mkanda wa kisigino, alitengeneza kiatu cha mpira kinachofunika wayo mzima pamoja na kisigino, na mapezi mengi ya leo yanafuata njia hiyo. Ila yakikubana hayana dawa.

Fundi Mpira: Kama kweli utayavaa, chukua Jet Fin, ambayo asili yake ni kampuni ya Beuchat ya Marseille, Ufaransa, katika miaka ya 1960 na ambayo kampuni ya Scubapro ndiyo iliyoyapa umaarufu. Ni mazito na yanazama, lakini mkanda ukikatika unabadilishwa. Kabla ya kulipa, kunja taratibu pale ubao, yaani sehemu pana ya kupigia maji, unapoungana na kiatu: ukiona nyufa nyembamba zikifunguka, au mpira ukinata vidoleni, hayo ni ya kutundikwa ukutani tu.

Bin Kusi: Hapo nakubali, ingawa sifa za matundu ya kupitisha maji yaliyo kwenye ubao wa Jet Fin naona zimetiwa chumvi.

Msumi: Basi nitaanza na Rondine, mradi nipate ya saizi yangu na mpira uwe mzima, nikikosa, nitachukua Jet Fin.