Mpira wa gesi kwenye Noah umepasuka, fundi anataka kuweka wa jiko. Ushauri wakuu

Dereva_Pwani
Habari za jioni wakuu. Nina Noah ya mfumo wa CNG (gesi asilia iliyoshindiliwa), nabebea wageni wa mahoteli na watu wa kukodi, Bagamoyo na Dar. Gesi najaza Ubungo. Siku hizi nikizima injini nasikia harufu ya yai viza. Fundi wa hapa Magomeni (ya Bagamoyo, si ya Dar) kafungua boneti akanionesha mpira mweusi umepasukapasuka karibu na kilipu. Anasema mpira wa CNG huku haupatikani, ataweka ule wa chungwa wa jiko la gesi, mita moja inatosha, niendelee na kazi leo leo. Hoja yake ni kwamba gesi ni gesi. Nimemwambia asubiri kwanza. Je, yuko sahihi? Na nitajuaje mpira wa kweli nikiuona dukani? Nawasilisha.

fundi_kaole
Kabla ya yote, gari liko wapi na valvu ya mtungi umefunga?

Dereva_Pwani
Liko nje, uwanjani. Nimefunga valvu, natembelea petroli.

fundi_kaole
Vizuri, liache hivyo hivyo. Sasa mpira gani hasa? Kwenye regyuleta, kile kifaa cha kushusha presha ya gesi, inaingia na kutoka mipira zaidi ya mmoja. Kuna miwili ya maji ya moto kutoka kwenye injini, maana gesi ikishushwa presha inapoa sana, bila maji hayo regyuleta inaganda. Kuna kampira kembamba ka vakyumu. Halafu kuna wa gesi unaokwenda kwenye nozeli zinazopuliza gesi ndani ya injini. Piga picha.

Mtu_wa_Dunda
Mnamtisha bure mwenzenu. Baada ya regyuleta presha ni ndogo, bar (kipimo cha presha) mbili hivi. Mpira wa jiko unahimili kabisa. Bajaji ngapi zinatembea hivyo na hatujasikia kitu.

mama_vipuri
Kaka wa Dunda, kwenye presha uko sahihi, lakini presha ni sehemu tu ya habari. Nauza vipuri vya magari ya gesi, ngoja nieleze ninavyoelewa.

Gari la CNG lina pande mbili. Kutoka kwenye mtungi hadi regyuleta, gesi iko kwenye bar 200, na ukitoka tu kujaza jua likiwa kali inapanda juu ya hapo. Upande huo ni bomba la chuma, na penye kuhitaji kupinda huwekwa mpira maalumu wenye waya ndani. Hapo hakuna fundi wa kukata na kufunga kilipu. Mpira hutoka kiwandani na vichwa vyake tayari. Kuanzia regyuleta hadi nozeli ndipo penye mpira mweusi wa kawaida, na ndio uliopasuka kwa Dereva, nadhani.

Kanuni ambayo viwanda vingi hufuata ni namba 110 ya Umoja wa Mataifa, ile ya magari ya gesi asilia. Inaigawa mipira kwa madaraja. Daraja 0 ni la presha kubwa, hadi bar 260. Daraja 1 linaishia bar 30. Daraja 2 ni la bar 4.5 kushuka chini, na wengi wetu tunalihitaji hilo kwa upande wa nozeli. Kuna viwango vya ISO pia, mfululizo wa 15500, sehemu ya 17 ndiyo ya mipira inayopinda.

Sasa jiko. Regyuleta ya jiko la kawaida la nyumbani hutoa gesi kwa takriban bar 0.03, na mpira wake unakaa jikoni umetulia. Kwenye gari unakaa juu ya injini ya moto, unatikiswa kutwa nzima, unarukiwa na oili. Ndiyo maana mipira ya gari inapimwa kwa mateso. Inapindwa huku na huku mara 3,000 kisha inatiwa presha ionekane kama inavuja. Raba ya ndani inalowekwa kwenye kimiminika cha mafuta siku tatu kuangalia kama itavimba au kunyauka. Raba ya nje inavutwa na kuwekwa kwenye ozoni, gesi ya hewani inayopasua raba, saa 120, isionekane hata ufa. Huo mpasuko wa karibu na kilipu ndio kipimo cha ozoni kinautafuta, kwa sababu raba iliyovutwa na kubanwa hupasuka hapo kwanza. Wa jiko haukutengenezwa kwa mtihani huo. Utapita mwezi wa kwanza vizuri tu, na ndiyo sababu bajaji zinatembea.

Dereva_Pwani
Asante sana dada. Picha hiyo hapo, ni wa gesi kweli, unakwenda kwenye nozeli. Dukani nitazame nini?

mama_vipuri
Soma ubavuni. Mpira halali umeandikwa kila nusu mita au karibu zaidi: jina la kiwanda, mwezi na mwaka uliotengenezwa, kipimo chake, halafu CNG na daraja. Alama ya kuidhinishwa ni duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha, E3 ni Italia, E20 ni Poland, na pembeni yake 110R. Ukiambiwa maandishi yamefutika, rudisha. Na ukishika raba ngumu kama mti, hata kama mpya, rudisha.

Mtu_wa_Dunda
Sawa, hapo kwenye ozoni nimejifunza. Lakini bei?

mama_vipuri
Wa daraja 2 si ghali hivyo, ni mita moja tu. Kinachouma ni nauli ya kwenda Dar kuufuata.

Dereva_Pwani
Nimepiga duka moja Kariakoo, wamenitumia picha. Kuna duara la E na 67R. Hakuna 110. Jamaa anasema ni mpira wa gari, sio wa jiko.

fundi_kaole
67 ni kanuni ya magari ya LPG, ile gesi ya mitungi ya kupikia ikiendesha gari. Mingi imeandikwa zote mbili, 67R na 110R, hiyo haina shida. Wenye 67R pekee usichukue kwa CNG. Mwombe wenye zote.

Na ukishafunga, usikague kwa kiberiti, nimewaona wanaofanya hivyo! Povu la sabuni ya maji kwenye kila kiungo, injini ikiwa inatembea kwa gesi, ukiona mapovu yanakua, funga mtungi. Ukimaliza suuza kwa maji safi.

mswahili_wa_pwani
Mimi nasumbuliwa na kingine. Sisi tunaokaa pwani, chumvi inakula chuma. Huyo fundi amelala chini akakagua bomba la kutoka kwenye mtungi? Mpira wa nozeli ukivuja unanusa. Bomba la bar 200 likiliwa na kutu ndilo linalonitia hofu. Pia mtungi wenyewe, soma lebo yake, una mwezi na mwaka ambao haupaswi kutumika baada yake, na kanuni hiyo hiyo ya 110 inataka ukaguliwe angalau kila miezi 48.

fundi_kaole
Kweli kabisa. Dereva, kwenye Noah mtungi upo ndani, nyuma ya siti. Kwenye shingo yake panatakiwa kuwa na kifuniko kisichopitisha gesi na mpira mnene wa kupumulia, unatoka nje kupitia sakafuni. Valvu ikivuja gesi inatokea chini ya gari. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, isipopata njia inajikusanya chini ya paa, walipo abiria. Ikifika asilimia 5 hadi 15 ya hewa inawaka. Angalia upo?

Dereva_Pwani
Nimetoka kuangalia. Mpira wa kupumulia haupo. Tundu la sakafuni lipo, limefunikwa na kapeti. Basi hiyo harufu huenda haitoki mbele peke yake.

mama_vipuri
Vioo wazi, petroli tu, na usibebe mtu mpaka likaguliwe lote. DIT, chuo cha teknolojia pale Dar, wanabadilisha magari yatumie gesi, anzia kwao.

Dereva_Pwani
Jumatatu naenda. Fundi wa Magomeni nimemtumia uzi huu, anauliza 110R ndiyo duka gani.