Mjadala: Ruzuku ilipie kuvu ya kuzuia sumukuvu, au tununuliwe maturubai ya kuanikia mahindi?

Ndugu zangu wa Dodoma na Manyara, mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu kwenye chakula, katika mikoa yetu miwili, na 20 wakafariki. Wengi walikula mahindi waliyolima wenyewe.

Wanaochunguza vijiumbe vya udongoni wametuletea kinga, nasi tunasuasua. Kuvu iitwayo Aspergillus flavus imo kwenye udongo wetu. Ipo inayotoa sumu na ipo isiyotoa. Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, na wenzao wa hapa nchini waliitafuta isiyo na sumu humuhumu Tanzania, wakaipaka kwenye punje za mtama zilizokaangwa ili zisiote. Ndiyo Aflasafe TZ01 na TZ02, zilizosajiliwa 2018. Unamwaga kilo 4 kwa ekari, wiki mbili tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Kuvu njema inawahi nafasi, ile mbaya inakosa pa kuota.

Naomba iingie kwenye ruzuku. Wakulima tulishasajiliwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku tangu msimu wa 2022/2023. Mbolea inaongeza magunia. Gunia lenye sumu tunampa nani?

Mkulima, Kongwa: Kaka, mvua hujaigusa. Punje hizo zinataka udongo wenye unyevu, la sivyo kuvu haiamki. Kwetu jua la Februari laweza kuchoma wiki tatu mfululizo. Njiwa na sisimizi watashukuru kwa mtama wa bure! Halafu dawa hiyo ni ya kununua kila msimu, wakati turubai langu moja naanikia mwaka wa nne huu. Pesa iende kwenye maturubai na mifuko isiyopitisha hewa.

Mama, Chemba: Mwaka ule tulizika jirani. Macho yalikuwa ya njano, tumbo limejaa, na wengine tukasema karogwa. Mahindi yake yalikuwa meupe kabisa, na ugali aliupika ukaiva. Moto hauiondoi sumu hii. Na karanga je, si nazo huingiwa na kuvu hiyo? Nzuri tunauza, zilizosinyaa tunazitwanga tuunge mlenda wa watoto. Mimi na wenzangu tumeshaacha, lakini aliyekosa mboga utamwambiaje? Msitugombanishe na turubai, tunataka vyote viwili.

Mwanzisha mada: Mama, pole sana. Hilo la karanga nilipaswa kulitanguliza mimi.

Kaka wa Kongwa, kuhusu Februari nakubali: mwenye kumwaga asubiri mvua inyeshe, asifuate tarehe ya kalenda. Lakini jua hilohilo ndilo linalonitia hofu. Mmea wenye kiu hauna nguvu ya kuizuia kuvu, kwa hiyo sumu inaweza kuingia hindi likiwa bado shambani. Turubai linazuia isiongezeke, ila iliyokwisha kuingia halitaitoa. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba maturubai peke yake yanatosha kwa nchi kavu kama yetu.

Gharama ya kila msimu ni hoja nzito, na ndiyo sababu hasa ya kuomba ruzuku. Mkulima wa ekari mbili hawezi kulipia kinga ambayo mnunuzi wa gunia haioni wala haiongezei bei.

Kama kuna aliyemwaga msimu uliopita, atueleze: mvua ilinyesha siku ya ngapi, na mahindi yalipopimwa yalikutwaje?