Dalali anasema nyumba iko "Masaki ya Tanga", nilipe?

Mgeni_wa_Mkonge: Wakuu habari za saa hizi. Nahamia Tanga kikazi natokea Dar, kuna dalali kanitumia picha za nyumba vyumba viwili choo ndani, laki mbili na nusu kwa mwezi na anataka ya miezi sita, nikimuuliza mtaa gani ananijibu "bosi hapo ni Masaki ya Tanga", nikambana weee ndo anasema Kange, nyuma ya stendi huko viwanja vipya. Mi Tanga naijua ya kupita na basi tu. Hiyo Masaki ipo au napigwa? Kesho anataka advansi

binti_chumbageni: Karibu kaka. Huku mtu akisema Masaki labda awe anamaanisha Raskazone, kule baharini ukishapita Bombo, nyumba za tangu ukoloni na miti yake. Na dalali mwenye nyumba Raskazone hakufichi, analitaja hilo jina kabla ya salamu

Babu_Baiskeli: 😂😂 kila mji una Masaki yake siku hizi, ukienda Dodoma ipo, Mwanza ipo. Haya majina yalianza zamani kutoroka kwao, hili geto la msela lilikuwa mtaa mmoja kule Venice, 1516 Wayahudi wakaamriwa waishi humo na usiku mageti yanafungwa kwa nje, leo msela wa Makorora ana geto na ufunguo anatembea nao mfukoni

binti_chumbageni: babu naye, mtu kauliza nyumba

Fundi_Mabawa: Mkuu usitume hata mia. Kange si pabaya ila nenda mwenyewe, tena kaulize majirani sio dalali, maji yanatoka siku zipi, Luku ni yako au mnachangia na wapangaji wengine, mvua ikinyesha bodaboda inafika mlangoni au unashuka na viatu mkononi. Hela mpe mwenye nyumba kwa mkataba, dalali yake ni kodi ya mwezi mmoja basi. Kama kazi yako iko mjini tafuta Ngamiani, barabara zina namba, ukiambiwa ya 12 ni ya 12, hakuna wa kukudanganya

Mgeni_wa_Mkonge: Asanteni sana wakuu, advansi sitoi, naja Jumamosi. Nimemwambia anitafutie Ngamiani kasema anayo barabara ya 14, "bosi pale ndo Mikocheni yetu"

Babu_Baiskeli: 😂😂😂 huyo namjua