Wakuu, sisi tuko Mbeya, mhariri yuko Iringa: klipu tuzipangeje?

Kamera_Mwanjelwa: Wakuu habari zenu. Mimi na mwenzangu tunashuti harusi na sendofu huku Mbeya, anayeediti yuko Iringa. Kila mtu ana eksteno (diski ya nje) yake na kaipanga anavyojua mwenyewe. Sasa mhariri akifungua projekti nusu ya klipu hazionekani, na zinazoonekana nyingine si zenyewe: bwana harusi wa Tukuyu kaibuka kwenye ndoa ya Mbalizi! Kupandisha zote mtandaoni, bando halitoshi. Mnafanyaje wenzetu?

Kihesa_Kati: Huyo bwana harusi kaletwa na majina, mkuu. Kadi ya kumbukumbu ikifomatiwa, kamera inaweza kuanza kuhesabu upya, mkajikuta na klipu zinazoitwa C0001 za shughuli tatu. Programu ikitafuta kwa jina inabeba yoyote. Kila mkinakili kadi, badilisheni majina hapohapo: 2025-06-14_MBALIZI_KAM-A_C0001. Mwaka utangulie, zitajipanga zenyewe. Ila mhariri akishaanza kazi jina lisiguswe tena, hata kama mmekosea herufi.

Fundi_Makambako: Naongezea. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Tengenezeni proksi (nakala nyepesi za kueditia) za megabiti 5, saa nzima inakuwa kama GB 2, hizo ndizo za kutuma kwa bando la usiku. Jina na idadi ya fremu kwa sekunde vibaki kama vya klipu halisi, la sivyo mtalia wakati wa kuunganisha proksi na klipu halisi. Klipu halisi zipande basi la Iringa, ndani ya eksteno.

Kamera_Mwanjelwa: Basi?? Ikipotea je?

Fundi_Makambako: Inayosafiri ni nakala. Kadi haifutwi mpaka klipu ziwe kwenye diski mbili, na moja haitoki Mbeya.

Kamera_Mwanjelwa: Nimekupata. Mhariri anatumia Mac, sisi Windows. Eksteno yetu anaisoma ila hawezi kuandika.

Kihesa_Kati: Hiyo ni NTFS, fomati ya diski ya Windows; Mac huisoma tu. Hamisheni vitu kwanza, kisha muifomati exFAT, ambayo Windows na Mac zote zinaandika. Msiichomoe kabla ya kui-ejekti, exFAT haina huruma.

Dada_wa_Njombe: Mmeacha kubwa. Nani ndiye mwenye maktaba, yaani hifadhi nzima ya klipu? Wawili wakiwa na ruhusa ya kuhamisha folda, hayo majina yote ni kazi bure. Mchagueni mmoja, wengine waongeze tu.

Kamera_Mwanjelwa: Hapo dada ndipo penye ugomvi wetu. Mwenzangu anasema diski ni yake 😅

Dada_wa_Njombe: Basi awe yeye, na kuamka usiku kutuma proksi iwe kazi yake pia.