Bwalo limefungwa masika yote, kwaya na ngoma tuziendesheje?

Mwl_Moshi: Habari za kazi, wadau. Bwalo letu limeezuliwa paa, na fundi anasema Julai ndiyo mapema. Kwaya ina wanafunzi 44 wa sauti nne, ngoma sita za ngozi, kinanda kimoja. Kidato cha nne wako kwenye masomo ya jioni, hivyo besi wamebaki watano. Ngoma ziko stoo na kwa mvua hizi hazilii kabisa. UMISSETA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za sekondari, nayo haisubiri paa. Naombeni utaratibu hasa.

Solfa: Mwalimu, usihangaike na chumba cha kutosha watu 44. Kila sauti ipate darasa lake na kiongozi wake, dakika 25 baada ya vipindi. Kuunganisha iwe Ijumaa tu, hata barazani. Ili hilo liwezekane, andika kila sauti kwa solfa, yaani do re mi kwa herufi, kwenye manila na uibandike ukutani. Mtoto anayesoma d r m f s l t atajifunza sauti yake hata kama wewe uko darasa jingine.

Tatizo litakuwa wimbo kushuka. Bila kinanda, waimbaji huweka m na t chini kidogo, na kufika ubeti wa tatu mmeshapoteza nusu toni bila kujua. Chukua d kwenye programu ya simu, imbeni ubeti mmoja, shikilieni d ya mwisho, kisha pima tena. Mkishuka msiongeze nguvu, maana kupaza ndiko kunakowachosha wakashuka zaidi. Wafundishe kuvuta pumzi pigo zima kabla ya mstari kuanza.

Besi watano wanatosha, tafadhali usiwaburute vijana ambao sauti zao ndiyo kwanza zinabadilika. Wape noti tano wanazozifikia bila kukaza shingo. Teno na alto ndio wapunguze nguvu ya sauti.

NgoziNaMti, Arusha: Ngoma zitoe sakafuni leo. Saruji hupitisha unyevu na ngozi huunyonya, ndiyo maana zimelegea. Zipange juu ya mbao, pawe na hewa chini, uzifunike kwa gunia. Turubai la nailoni hapana, jasho hubaki ndani na ngozi huota ukungu.

Kabla ya kupiga, zielekeze kwenye makaa yasiyo na ndimi za moto, umbali wa hatua moja na nusu, ukizizungusha. Gonga katikati kwa kidole kila baada ya dakika mbili: mlio ukitoka "bu" ukaanza kujibu "di", ondoa. Ukipitiliza, ngozi hukakamaa na kuchanika kwenye matundu ya vigingi.

Mwl_Moshi: Asante sana. Mojawapo imeshachanika hapohapo ukingoni. Inashoneka?

NgoziNaMti, Arusha: Haishoneki, mvutano utafungua uzi. Loweka ngozi mpya ya mbuzi usiku kucha, iwambe ingali mbichi. Gonga kigingi kimoja, kisha kile kinachokitazama ng'ambo, usifuate mduara, la sivyo upande mmoja utavutwa zaidi. Ianike kivulini. Kwa baridi ya sasa huko kwenu ni siku tatu au nne. Jua kali hukausha ukingo kabla ya katikati na kuipinda.

Tenor_wa_Pili: Niongeze la likizo. Msijaribu kuimba pamoja kwa simu, sauti huchelewa na kila mmoja humsubiri mwenzake hadi wimbo unasimama. Kiongozi wa sauti arekodi sauti yake peke yake kwa WhatsApp, ubeti mmoja kwa faili, aanze kwa kutaja d na kupiga makofi manne ya mwendo. Sauti ni nyepesi kuliko video, bando la mzazi halitaisha. Mtoto aimbe huku akisikiliza kwa sikio moja, sikio la pili lisikie sauti yake mwenyewe. Na kabla hamjafunga, uliza kila mtoto simu ya nyumbani hupatikana saa ngapi. Wengi ni usiku, mzazi akisharudi kutoka kazini, kwa hiyo faili zitumwe kabla ya hapo.