Tupeane uzoefu: sailensa kwenye gemu yako inapunguza kasi ya risasi au inazima mlio tu?

Kamanda wa Kochi

Wakuu, heshima mbele. Juzi kwenye kundi letu la gemu kumezuka ubishi mpaka watu wakanuniana. Mmoja anasema ukifunga sailensa (kile kifaa cha kuzima mlio kwenye mdomo wa bunduki) risasi inachoka njiani, mwingine anasema huo ni uzushi, kile ni kiwambo cha sauti tu basi. Nikawasikiliza weee, nikagundua kila mmoja anaongelea gemu yake. Ndiyo sababu ya uzi huu: taja gemu unayocheza, sema ulichokiona kwa macho yako. Za "nimesikia" tuziache.

Naanza na Battlefield 4, ile ya 2013, tuliyoipiga sana kwenye kompyuta mimi na vijana wa mtaani. Mle sailensa unailipia kwa kasi ya risasi. Ukifyatua bila hiyo, unawaka mwekundu kwenye ramani ndogo ya adui, ukiifunga, huonekani. Lakini risasi inatoka ikiwa na kasi ndogo, kwa hiyo inachelewa kufika na inashuka zaidi. Ndani ya majengo hujui kama kuna tofauti. Shida inaanza ukiwa juu ya ghorofa unamlenga mtu anayekatiza barabara kule chini.

Tuchukue hesabu ya darasani, upinzani wa hewa tuuweke kando. Risasi ya mita 880 kwa sekunde inafika mita 300 kwa sekunde 0.34, na imeshuka sentimita 57 hivi. Ikate kasi asilimia 20 (namba ya mfano tu), itafika kwa sekunde 0.43 na itakuwa imeshuka sentimita 89. Aliyekuwa anakula ya kifua sasa anakula ya nyonga. Na kama anakimbia mita 6 kwa sekunde, pale ulipokuwa unalenga mita 2 mbele yake, sasa unahitaji mbili na nusu. Tulikuwa na jamaa yetu alikuwa akilalamika kila jioni kwamba gemu inamwonea: msalaba wa kulengea anauweka palepale alipozoea, risasi zinatimua vumbi nyuma ya visigino vya adui. Tukamwambia avue sailensa. Malalamiko yakaisha siku ileile.

Karibuni.

Bibi Hedishoti

PUBG ya simu, ile ya kupigana mpaka abaki mmoja, Mombasa hapa. Kwetu sailensa haigusi kasi wala madhara ya risasi hata kidogo. Bei yake ni nafasi: mdomo wa bunduki unabeba kitu kimoja tu. Ukifunga sailensa umekosa kompensata, kile cha kutuliza mrusho, na bila kompensata bunduki ya M416 inaruka mkononi kama mbuzi wa Idi. Mimi hukaa na sailensa mapema, watu wakiwa wamejaa mji wa Pochinki na sitaki kuita wageni. Duara la uwanja wa mapigano likibana, watu wote tumeshajuana tulipo, naitupa nafunga kompensata. Sasa hivi mtu akiniambia risasi yake ilichelewa kwa sababu ya sailensa, mimi namuuliza alikuwa amelala au amekaa.

mtutu_mrefu

Call of Duty za zamani mambo ni mengine kabisa. Chukua Modern Warfare ya kwanza ya 2007. Mle risasi haisafiri: ukibonyeza, pale msalaba ulipo ndipo imepiga, muda huohuo. Sasa kasi utaipunguza vipi wakati haipo? Ndiyo maana wakakata masafa. Karibu, risasi ina nguvu yake yote. Ukivuka umbali fulani nguvu inaanguka, na ukiwa na sailensa inaanguka mapema zaidi. Adui aliyekuwa anakufa kwa risasi tatu anahitaji moja zaidi, na hiyo moja zaidi ndiyo anayokugeukia nayo.

Halafu ikaja Modern Warfare ya 2019 na sailensa yao inaitwa Monolithic, ambayo inazima mlio NA inaongeza masafa. Unachopoteza ni wepesi wa kunyanyua bunduki machoni. Gemu yake dada, Warzone, ilipoanza 2020 karibu kila mtu alikuwa nayo. Sasa nani atabishana na kitu kama hicho?

Mzee wa Kombania

Vijana, nimewasoma. Gemu sichezi, wanacheza wajukuu na kelele zao nazisikia. Ila hili la risasi kuchoka nilitolee maelezo.

Sailensa ya kweli haipunguzi kasi ya risasi. Ni kopo la chuma lenye vyumba ndani. Gesi ya moto inayoifuata risasi inanaswa humo, inapoa, inatoka polepole badala ya kulipuka mdomoni mwa mtutu. Risasi yenyewe inapita katikati haigusi kitu. Tena mara nyingine inaongeza mita chache kwa sekunde, maana gesi inaendelea kuisukuma kidogo. Kwa hiyo hao wa 2019 walioongeza masafa wametia chumvi, lakini uwongo wao una mzizi.

Kinachofanya risasi iende polepole ni risasi yenyewe. Anayetaka ukimya hasa anatumia risasi zilizotengenezwa ziende chini ya kasi ya sauti, ambayo ni mita 343 kwa sekunde kwenye hewa ya nyuzi 20. Risasi ya kawaida ya raifo inakwenda zaidi ya mara mbili ya hapo, na inapasua hewa inapopita. Aliyewahi kukaa kwenye handaki la shabaha wenzake wakipiga anajua: kwanza "paa!" kali juu ya kichwa, halafu ndiyo "duu" ya bunduki inakuja kutoka kule nyuma. Sailensa inatibu "duu". "Paa" haina dawa.

Na hata hiyo "duu" haiishi. Raifo inapiga kelele desibeli 160 na ushei, kiwambo kizuri kinapunguza 20 mpaka 35. Ile "pyu" ya kwenye sinema msahau.

Nyongeza kwa wapenda historia: aliyeichukulia hataza, mwaka 1909, ni Hiram Percy Maxim wa Marekani. Baba yake ndiye wa bombomu, bunduki ya Maxim, ile iliyowafyeka wapiganaji wa Maji Maji pale Mahenge mwaka 1905. Baba kelele, mtoto kimya.

Bibi Hedishoti

Shikamoo mzee. Kumbe ndiyo maana bunduki ya VSS ya PUBG iko vile! Inakuja na sailensa yake ndani kwa ndani, na risasi yake ni mita 330 tu kwa sekunde, M416 ni 880. Mtu akiwa mita 150 unafyatua, unasubiri karibu nusu sekunde nzima. Akiwa amesimama anaokota vitu, sawa. Akikimbia, mwache aende zake.

Mzee wa Kombania

Marahaba mwanangu. Ndiyo hiyo. VSS ya Warusi ilibuniwa pamoja na risasi yake ya milimita 9 kwa 39, nzito na ya polepole, mita 290 hivi kwa sekunde. Wenye gemu wameiongezea kidogo, nadhani kwa kuwahurumia.

Wa Ruwi

Niko Muscat. Naomba kuwachokoza: kabla hujailaumu sailensa, angalia ping, ule muda data zako zinaotumia kwenda kwenye seva na kurudi. Ndugu zangu wa Dar na Mwanza tunakutana nao kwenye seva ya Mashariki ya Kati, mimi niko vizuri, wao bando linasuasua, ping milisekunde 180. Katika muda huo mtu anayekimbia mita 6 kwa sekunde ameshasogea zaidi ya mita moja. Mtu anavua sailensa, anafunga sailensa, anabadilisha bunduki, kumbe shida ni mnara wa simu.

mtutu_mrefu

@Wa Ruwi hapo umenigusa sehemu mbaya.

Sajini Arma

Nimechelewa. Arma 3 mpo? Mimi huweka na ile modi ya ACE, nyongeza ya kuongezea uhalisia. Ukiwasha balistiki zake za juu, hesabu za mwendo wa risasi, inahesabu upepo, joto la baruti, urefu wa mtutu, hadi kuzunguka kwa dunia. Mle ndani sailensa ndiyo wasiwasi wangu wa mwisho kabisa. Bunduki unaiwekea umbali kwa mita mia mia, unasoma upepo, ndipo unafyatua. Na kule alichosema mzee unakisikia: adui mwenye sailensa akiwa mbali, mlio wa bunduki hupati, unasikia "paa" tu inapita na hujui ugeukie wapi.

Kwa anayetaka kumaliza ubishi kwenye gemu yake: ingia uwanja wa mazoezi, lala chini, chagua ukuta ulio mbali kabisa. Piga risasi moja moja bila sailensa, kisha funga, lenga nukta ileile. Matundu yakikaa pamoja, unalipia kitu kingine, siyo kasi. Yakishuka, unajua pa kuinua msalaba. Tumia darubini ileile, maana nimeona mtu anabadilisha vyote viwili halafu anakuja kubishana.

Kamanda wa Kochi

Asante sana wakuu, na mzee heshima yako. Wa gemu ya Tarkov bado sijawaona humu, na najua mpo. Njooni na zenu.