Naomba ushauri: mafuta gani ya ngozi ni salama hapa Goma?

Bandugu na bamama, mnisaidieko. Mdogo wangu anajipakaka ile melanje (mafuta ya kuchanganya ya kujichubua ngozi) ya kule sokoni Birere, banamupimiaka mu kikopo bila etiketi. Sasa uso imekuwa nyekundu, mishipa inaonekana kwa mashavu lakini viungo vya vidole vimebakia vyeusi kabisa, na jua ya saa sita ikimupiga anasema inawaka sawa pilipili. Naogopa sana juu melanje za vile mara mingi zinakuwaka na idrokinoni (dawa ya kung'arisha ngozi), merkire (zebaki) ao klobetasoli (dawa kali ya steroidi ya kupaka), na merkire inapitaka kwa ngozi inaenda kuharibu figo. Pale Rwanda idrokinoni ilishakatazwa mu mafuta ya kujipaka, huku kwetu inauzwa tu wazi sokoni.

Amekubali kuacha, Mungu asifiwe. Lakini aache mara moja ao pole pole, juu nasikia klobetasoli ukiikata gafula ngozi inaweza vimba na kuwasha zaidi? Mnajua daktari wa ngozi wa bei ya kawaida? Na karite (siagi ya shea) ao mafuta ya nazi isiyo na parfe (manukato) mnanunuaka wapi, na mnajuaje haikuchanganywa? Tena ananyonyesha, ndio maana siwezi ngoja.